Wimbo wa Kubadilishia Viti

Usiniambie habari za ule wimbo wa mwisho,
ule ambao dada mwenye gauni jekundu anapanda ngazi
na sauti inapanda kumpita,
na watu elfu moja na mia mbili wanasimama kama waliofinywa.
Nimeusikia. Mungu anajua nimeusikia:
kwa kinyozi, kwenye lifti, kwa daktari wa meno
nikiwa nimeachama, siwezi hata kupinga.

Niulize wimbo wa vitasa.

Mchezo uliitwa "Mfua Funguo wa Mtaa wa Delancey".
Ulidumu Broadway usiku tisa, Februari, theluji hadi magotini.
Nilikaa juu kabisa, kwenye viti vya makabwela,
mahali unapoona utosi wa kila mwigizaji
ukajua nani ameanza upara.
Sehemu ya pili, dakika ya saba,
pazia dogo likashuka ili nyuma yake wabadilishe viti,
na mbele wakamsukuma mhudumu wa hoteli, kijana mnene,
awazuie watu wasikimbilie msalani.

Akaimba vitasa vya shaba alivyong'arisha siku hiyo:
cha chumba namba nne, kinachonata;
cha bibi arusi, kilicholowa jasho;
cha yule mzee asiyefungua tena.
Klarineti moja, basi. Nyuma tunasikia meza ikiburutwa,
mtu anatukana kwa kunong'ona,
naye hakupepesa jicho.
Makofi yakaja kama mvua iliyoghairi.

Santuri haipo. Walifunga kabla hawajaingia studio.
Miaka arobaini na mmoja wimbo unalala kinywani mwangu
kama mgeni asiye na nauli ya kurudi kwao.

Pruzansky, jirani tunayegawana ukuta, hunicheka.
"Kizuri chajiuza," asema,
"kilichosahaulika kilijitakia."
Kizuri chajiuza! Kwa nani, na dirisha la tikiti limepigwa mbao?
Kizuri hujiuza kikipewa meza sokoni,
kikipewa taa,
kikipewa mpiga tarumbeta ambaye hajalewa.
Wimbo hauna miguu, Pruzansky!
Yeye hufunga mlango wake taratibu, bila jibu.

Sisemi kila kilichofichika ni lulu.
Katika mchezo uleule kulikuwa na wimbo wa njiwa watatu
uliostahili kuzikwa pamoja na njiwa wake.
Lakini nasema, na sitatubu:
nyimbo za wapenzi zimeshapendwa vya kutosha,
na majambazi siku zote hupewa ngoma nzuri.
Mimi nipe wimbo wa karani,
wa mama mkwe anayengoja simu,
wa yeyote anayeimba ili wengine wapate kuhamisha makochi.
Mtunzi anayeziba pengo hana muda wa kujipamba;
anachukua neno lililo karibu,
na neno lililo karibu, mara nyingi, ndilo la kweli.

Sasa nikiri.
Kulikuwa na kitasa cha nne. Nimekipoteza.
Kila usiku, nikisugua sufuria, nafika kwa mzee asiyefungua
kisha naingia shimoni: na-na-na, na-na-na,
mimi, wakili wa waliosahauliwa!

Jumanne iliyopita nikafika palepale, na-na-na,
ukuta ukakohoa.
Kisha sauti, nzito, yenye kutu, lakini kwenye noti yake:
"Cha jikoni, kina moto, kishike kwa aproni."

Nikafunga bomba.
Povu likawa linapasuka mikononi, moja moja.
Sikubisha hodi. Ningesema nini?

Asubuhi tukakutana kwenye ngazi, kila mtu na taka zake.
Tukalaumu baridi, tukalaumu mwenye nyumba.
Alipoinama kufunga mfuko wake
mimi nilikuwa vidato vitatu juu,
nikautazama utosi wake
kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusu adabu.